Siku Niliyoitoa Gesi ya Gari la Baba

Sisi tuliokulia Newala enzi zile maji yakipanda mlima juu ya vichwa vya watoto, hatuhitaji kufundishwa thamani ya kitu cha baridi. Bomba la mtaani kwetu lilikuwa likitoa maji siku mbili, likikauka wiki tatu. Likikauka, tulikuwa tukiamka jogoo wakiwa bado wanasafisha koo, tunachukua ndoo na kata, tunashuka mteremko mpaka kwenye chemchemi ya bondeni. Kushuka ni kucheka na kusukumana. Kupanda, kila mtu na shingo yake. Ukifika nyumbani maji yameshakulowesha mgongo, na bado hujaenda shule.

Chakula kilikuwa ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi, tukitafuna huku tunakimbia ili tuwahi mstarini, na kiranja wa zamu akikuona shavu limevimba anakutemesha mbele ya wenzako. Msimu wa mabibo tulikuwa tunayanyonya mpaka utomvu unatuandika sare. Mama alikuwa akizisugua zile sare kwa hasira na kusema, "Utomvu wa bibo ni kama jina baya, ukikushika umekushika." Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na aliyepigwa kisogoni hakulia, maana ukilia hupangwi tena. Leo mjukuu wangu nikimtuma chumvi dukani, ng'ambo tu ya barabara hapa Masasi, ananiuliza kama bodaboda wamekwisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa majokofu. Newala ile majokofu yalikuwa ya kuhesabu, mengi yakiwaka kwa mafuta ya taa katika zahanati za vijijini, ambako walitunza chanjo. Baba alikuwa akipanda baiskeli na sanduku lake la vifaa mpaka Makote na mbele yake, analala huko, anarudi na mikono inayonuka mafuta ya taa na risasi ya kuchomelea. Watu walimwita Baba Somoe. Somoe ni mimi, mtoto wa kwanza. Kutwa nzima mtaani lilikuwa ni jina langu tu: Baba Somoe yupo? Baba Somoe amerudi? Mtu angedhani yule baba ni wangu.

Hakuwa wangu. Alikuwa wa Zubeda.

Zubeda ni mdogo wangu, tumepishana miaka mitatu. Alizaliwa na pumu. Vumbi kidogo tu, kifua kinapiga mluzi kama birika. Kwa hiyo Zubeda hakufagia uwanja, hakutwanga, hakupepeta, na zaidi ya yote hakushuka bondeni kuteka maji. Zubeda alikaa na baba. Baba akiwa nyumbani anafungua jokofu la mtu, Zubeda yuko pembeni yake juu ya kigoda, anampa spana kabla hajaomba. Wakati mimi naingia uani na ndoo kichwani, nilikuwa nawakuta wameinamisha vichwa pamoja juu ya kitu fulani kidogo, wananong'ona kama watu wa harusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Pole na maji." Na macho yake tayari yamerudi kwenye kile kitu kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikujua kwamba kile kinachonichoma kinaitwa wivu. Nilidhani ni njaa. Nilikuwa nakula, na hakiondoki.

Mwaka huo baba akapata gari. Alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akihamishwa: gari dogo la rangi ya maziwa, kuukuu, mlango mmoja umegongwa, viti vimechanika mpaka sponji linachungulia. Lakini kwenye dashibodi palikuwa na vitufe vya kiyoyozi, na daktari alisema kiliwahi kufanya kazi zamani, kabla barabara za huku hazijakilegeza. Majirani walikuja kulitazama. Mzee mmoja alikigusa kile kitufe kwa ncha ya kidole, akauliza kama ni kweli ndani yake kuna Arusha.

Baba akakifanya kiyoyozi kile kuwa kazi yake ya nyumbani. Mafundi wenzake walimcheka, kwamba hajawahi kushika kiyoyozi cha gari maishani mwake. Akawajibu, "Friji ni friji. Hili limevaa matairi tu." Akaegesha gari chini ya banda la makuti ubavuni mwa nyumba, akafungua boneti, akaanza. Alifunga mota ya jokofu bovu iwe pampu ya kunyonya hewa. Alichana mpira wa ndani wa tairi akakata viduara vya kuzibia maungio. Alijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kwenye kila bomba, akainama kutafuta panapotoa mapovu. Wiki nzima, na Zubeda juu ya kigoda.

Siku moja nilisikia anamweleza mama sababu. Mama alikuwa amelalamika kwamba gari lina mambo mengi ya kutengenezwa kuliko ubaridi, breki kwa mfano. Baba akasema, "Msimu wa salfa unakuja, Mama Somoe. Wakianza kupulizia mikorosho, unajua mwenyewe hali inavyokuwa. Nataka siku tukilazimika kwenda hospitali, tufunge vioo vyote, vumbi lisiingie, mwanangu apumue."

Mwanangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na ungo wa mbaazi mikononi. Nilihesabu. Nyumba ile ilikuwa na watoto wawili, na neno lile lilikuwa la mtoto mmoja.

Gesi ilitoka Mtwara ndani ya basi, mtungi mdogo uliofungwa kwa gunia kama mgonjwa. Ulikuja mmoja tu, na mtu aliyeutuma alisema mwingine utachukua mwezi au zaidi. Baba aliiingiza ile gesi Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa bondeni.

Nilikuwa nimeshamaliza mlima, niko barabarani na ndoo kichwani, jua limeanza kuuma, niliposikia honi nyuma yangu. Nikajisogeza pembeni. Lile gari la rangi ya maziwa likanipita taratibu, vioo vyote vimefungwa, vumbi lake likanifunika mimi na maji yangu, kisha likasimama. Kioo cha upande wa Zubeda kikashuka kiasi cha kiganja. Ubaridi ulitoka pale. Ulinigusa shavu na sikio upande mmoja, na huo ndio ubaridi wote niliopata siku hiyo. Zubeda alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti cha mama, amejifunga kitambaa kichwani, uso mkavu kabisa bila tone la jasho.

"Dada, kuna baridi! Tazama mkono wangu, vinyweleo vimesimama!"

"Baba, na mimi nipande," nilisema.

Baba aliitazama ile ndoo isiyo na mfuniko, akavitazama viti. "Fikisha maji kwanza mama, mama yako anayasubiri. Zamu yako kesho."

Kioo kikapanda.

Nimezaa, nimezika, nimefundisha darasa la watoto themanini bila chaki, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama ile ndoo kuanzia pale mpaka nyumbani.

Alasiri baba alikwenda msikitini. Mama alikuwa kwa jirani anasuka ukili. Zubeda alikuwa amejilaza chumbani kwetu, chumba ambacho dirisha lake linatazama banda la gari. Nikafungua boneti kama nilivyowaona wakifungua. Nilikuwa sijafundishwa, lakini mtu mwenye wivu huwa na macho. Nililijua bomba la kuingizia gesi, lenye kifuniko cheusi, na nilijua kwamba chini ya kifuniko kuna kijiti kidogo katikati, kama cha tairi la baiskeli. Nikafungua kifuniko. Nikachukua msumari, nikabonyeza.

Ilitoka kwa kelele ambayo sikuitarajia. Ilizomea kama nyoka aliyekanyagwa, moshi mweupe ukaniruka usoni, na kidole changu cha shahada kikaungua kwa baridi. Ndiyo, kiliungua. Sikujua baridi inaweza kuunguza. Ningeweza kuacha. Niliuma meno nikaendelea kubonyeza, nimegeuza uso, mpaka kuzomea kukawa mluzi, mluzi ukawa pumzi, pumzi ikakata. Nikafunga boneti. Nikakimbilia nyuma ya choo, nikakaa nimekiweka kidole mdomoni.

Nilichotaka ni kitu kidogo tu. Nilitaka kesho yake, zamu yangu ikifika, tukute baridi haipo, ili baba aseme basi, hili gari halina maana, aliache, na Zubeda akose kitu kama mimi ninavyokosa. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilikuwa mtoto.

Kesho yake asubuhi, jirani yetu wa upande wa shamba akawasha mashine ya kupulizia salfa. Upepo ukageuka. Ile poda ya njano ikaja uani kwetu kama ukungu, na kabla mama hajafunga madirisha Zubeda alikuwa ameshashika ukingo wa meza, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

"Somoe, fungua mlango wa gari! Fungua!" baba alipiga kelele.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, mama mbele. Baba akafunga vioo vyote, akawasha gari, akabonyeza kitufe. Ikaja hewa ya moto. Akabonyeza tena. Akasubiri, kama mtu anayebisha hodi kwa watu anaowajua. Hewa ya moto.

"Jana ilikuwepo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Jana hii hii ilikuwepo. Imekwenda wapi?"

Barabara ya kushuka kuelekea Masasi enzi zile ilikuwa mchanga na kokoto tupu. Tukifunga vioo, gari linakuwa tanuri na Zubeda anatapatapa. Tukifungua, vumbi la malori yaliyotutangulia linaingia lote. Mama alilowesha kanga yake kwa maji aliyobeba kwenye chupa, yale maji ya ndoo yangu, akamfunika nayo Zubeda puani. Mimi nilikuwa nampepea kwa jalada la daftari. Kila alipovuta pumzi nilikuwa navuta naye. Alikuwa amenikamata mkono, ule wenye kidole kilichoungua, anaubana kwa nguvu pale pale panapouma, na sikumwambia aache. Baba alikuwa anaendesha huku ananitazama kwenye kioo kila mara na kuuliza, "Anapumua?" Nikawa najibu, "Anapumua, baba." Sijui niliulizwa mara ngapi. Nilijua kwamba nikijibu vingine, aliyemuua ni mimi.

Tulifika hospitali. Wakamwekea hewa, wakamchoma sindano, na kabla ya adhuhuri midomo yake ikarudi kuwa na rangi. Alikaa siku tatu na mama. Mimi na baba tukarudi Newala siku hiyo hiyo, vioo wazi.

Baba alifungua boneti kabla hata ya kunawa. Akajaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kila ungio. Hakuna pahala palipotoa mapovu, na ndipo akajua. Gesi isiyo na tundu la kutokea, imetolewa. Akakikuta kifuniko cheusi chini, akaukuta na msumari. Aliuokota akakaa nao kwenye kile kigoda cha Zubeda muda mrefu. Kisha akaniita.

"Lete mkono."

Nilimpa wa kushoto.

"Huo mwingine."

Ncha ya kidole ilikuwa nyeupe, ngumu, na lengelenge limetuna pembeni. Mama alikuwa ameshanipaka asali, nikiwa nimemwambia nimeungua jikoni. Baba akakigeuza kidole changu kwenye mwanga. Kisha akaweka kiganja chake kando ya changu. Kilikuwa na alama kama ile, tano au sita, za miaka na miaka ya kazi yake.

"Moto wa mama yako hauunguzi hivi," alisema.

Nikasubiri fimbo. Nilikuwa naitaka hiyo fimbo. Baba akauachia mkono wangu, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata nilipotoka na ndoo, nikamkuta mlangoni na baiskeli yake, amefunga madumu mawili kwenye kiti cha nyuma. Sanduku la vifaa hakulifunga.

"Unakwenda Makote, baba?"

"Nakwenda majini."

Mwanamume mzima, fundi, kwenda kuteka maji na bintiye! Wanawake tuliokutana nao njiani walificha vicheko kwenye kanga. Baba hakujali. Alikwenda na mimi siku hiyo, na iliyofuata, na kila alipokuwa nyumbani, kwa miaka miwili, mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Tuliteka, tukapanda, yeye anasukuma baiskeli mimi na ndoo yangu. Njiani alikuwa ananisimulia jinsi alivyofundishwa kazi, jinsi alivyomposa mama akakataliwa mara mbili, jinsi alivyowahi kulala juu ya mkorosho kule Makote kwa kuogopa simba ambaye asubuhi alikutwa ni punda. Nilicheka mpaka nikamwaga maji, na yeye akasema tusimwambie mama, tukarudi tukateka upya.

Kuhusu gesi alinigusia mara moja tu, pale chemchemini, bila kunitazama. "Somoe. Mtu mwenye kiu husema nina kiu. Hapigi mtungi teke."

"Ndiyo, baba."

"Haya, tupande."

Mtungi wa pili ulikuja baada ya wiki nyingi. Gari likapoa tena, na zamu yangu ilifika. Nilikaa mbele, nikavitazama vinyweleo vya mkono wangu vikisimama. Baridi ilikuwa nzuri. Sikuwa na haja nayo tena kama nilivyodhani.

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliishia hapo. Wivu haukui kama mtu, hauachi mambo ya kitoto. Mimi nilikuwa mwalimu, nikaolewa Masasi, nikahamishiwa Chiwata, nikarudi Masasi. Zubeda, ambaye kifua chake kilitulia alipokua, alibaki Newala akawa fundi, wa majokofu na viyoyozi vya magari, mwanamke ambaye madereva wa malori wanamwamkia. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakasema sanduku la vifaa liende kwa anayejua kulitumia. Ilikuwa haki. Mimi nilipewa redio. Nilirudi Masasi na redio mapajani, nimekunja uso safari nzima kama mtoto wa miaka kumi na miwili, nami nilishakuwa na mvi.

Kwa hiyo gari langu lilipoacha kutoa baridi mwaka huu, sikumpigia. Ni gari la zamani, aliloniachia marehemu mume wangu, na joto la Masasi mnalijua. Nilizunguka kwa mafundi wawili. Mmoja alinijazia gesi ikaisha baada ya siku nne, mwingine akanishauri nifungue vioo. Binti yangu Rehema alikaa na simu yake akitazama video za watu wa mbali wanaotengeneza viyoyozi, akanitajia majina ya vipuri kumi na sita, lakini boneti lenyewe hakujua linafunguliwa wapi. Nikamcheka. Na nilimwonea wivu pia, nisidanganye. Kujua vitu vyote vile akiwa amelala kwenye kochi, bila kukaa wiki nzima nyuma ya mlango akichungulia!

Mwishowe Rehema akanizunguka. "Mama, mama mdogo anakuja Jumamosi. Nimeshamwambia. Usininunie."

Zubeda alishuka kwenye basi na lile sanduku. Lilikuwa limepakwa rangi mpya. Nililitazama kabla ya kumtazama yeye.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda, Zube."

"Ni mlima. Gari lako liko wapi?"

Nikamwekea stuli uani, akafungua boneti, akasikiliza gari likinguruma, akaniambia kompresa ni nzima, mkanda ni mzima, tatizo ni uvujaji. Akajaza hewa mabombani, akaomba beseni na sabuni ya unga. Nikakoroga povu mwenyewe. Akapaka ungio moja, la pili, la tatu, na la tatu likatoa mapovu madogo madogo kama mate ya mtoto. "Huyu hapa," alisema. Akafungua bomba, akatoa mpira uliokauka, akaweka mpya. Kisha akafunga pampu ya kunyonya hewa, mota ya jokofu kama ile ya baba, na ikaanza kunguruma, akasema inatakiwa nusu saa. Akaketi. Nikaketi karibu naye, mahali ambapo sikuwahi kukaa.

Labda ni kule kuketi. Nilisema, "Zube, ile gesi ya gari la baba, mwaka ule ulipougua. Ni mimi niliyeitoa."

Hakuacha kufuta mikono. "Najua."

"Baba alikuambia?"

"Baba? Baba hakusema neno mpaka anaingia kaburini. Nilikuwa chumbani, dada. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia inavyozomea, nikachungulia, nikakuona umegeuza uso."

Mota inanguruma, kuku wanapita. "Ulikaribia kufa," nikasema. "Kwa nini hukusema?"

Akacheka, na kicheko chake kikaleta kikohozi kidogo, kile cha zamani. "Niliwaza nikisema, baba atakukalisha chini kutwa nzima akufunze adabu. Wewe na yeye kutwa nzima. Sikutaka akupe siku yangu."

"Siku yako? Zube, siku zote zilikuwa zako!"

"Zangu zipi? Za kukaa kwenye kigoda na kunyamaza? Baba akiwa kazini hakuwa mtu wa hadithi. Lete spana, shika hapa, usiguse. Basi. Halafu mkaanza kwenda majini wawili. Mimi nikabaki barazani na kifua changu, nawasikia mnavyocheka tangu kule kwenye kona ya mikorosho. Nilikuwa nikisikia kicheko cha baba, dada. Cheko ambalo mimi hakunichekea hata siku moja. Mnakuja mmelowa, nawauliza mlikuwa mnacheka nini, mnatazamana." Akageuza uso kuitazama geji ya pampu. "Nilikuwa namwomba Mungu anipe afya nami nibebe ndoo."

Nilimsimulia habari ya simba aliyekuwa punda. Nilimsimulia yote, tangu baba alivyopanda mkorosho mpaka wanakijiji walivyomshusha, na nilijaribu kuigiza sauti yake. Zubeda alicheka akajifuta machozi kwa kiganja chenye grisi, akajipaka weusi shavuni. Kisha akaniomba nirudie tangu mwanzo.

Nusu saa ilikuwa imepita zamani. Akaingiza gesi, tukawasha gari, akaniambia nikae kwenye usukani na yeye akakaa upande wa pili. Tukafunga vioo. Baridi ikaja taratibu, ikawa kali. Wanawake wawili wenye wajukuu, wamekaa katika gari lisilokwenda popote, uani, Jumamosi mchana.

Kupitia kioo cha mbele niliwaona wajukuu wangu barazani. Walikuwa wanne, kila mmoja na simu yake au ya mama yake, kila mmoja na waya wake sikioni. Hawagombani. Rehema huwa anajisifu kwamba watoto wake hawagombani, na ni kweli, ni watoto wazuri, wana maji ndani ya nyumba, wana feni, wana majibu ya kila swali kiganjani. Nawaonea wivu, kwa mengi sana. Lakini sisi nyumba yetu ilikuwa na baba mmoja, tukamgawana kama nyama ya Idi, kila mtu anachungulia sahani ya mwenzake na kuapa kwamba yake ndiyo yenye mfupa. Hawa kila mmoja ana sahani yake, wala hakuna anayechungulia. Nilitamani mmoja wao anyanyuke, aje agonge kioo, anune, adai zamu yake ya kukaa mbele na bibi.

Nilisubiri kidogo. Zubeda naye, naona, alikuwa anawatazama.

"Somoe," akaniita, kwa jina, bila dada. "Hebu nisimulie nyingine ya baba."